MITA 25 TU! Kwa Nini Njia Yako Lazima Iwe Kamili

  Salamu kutoka hapa kwetu Kibirichia, kwenye baridi yetu na viazi vyetu.

Leo sihubiri juu ya mafuta wala juu ya ndoto. Leo nataka tuzungumze kuhusu mbio za barabarani za kilomita 10, na kuhusu kitu ambacho wanariadha wanakiita muda bora binafsi. Huo ni muda mzuri kuliko wote ambao wewe mwenyewe umewahi kukimbia katika umbali fulani. Hauhusu nafasi uliyomaliza, wala medali, wala pesa. Ni wewe wa leo ukipimwa na wewe wa mwaka jana.

Nina maoni yangu juu ya jambo hili, na najua wengine hamtakubaliana nami. Basi soma hadi mwisho, ndipo uandike Amina au uandike la. Yote nitayasoma.

Tuanze na dada yetu Agnes Ngetich. Mnamo Septemba 2023 alikwenda Brasov, mji mmoja wa Romania, akakimbia kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Saa ikasimama kwenye 29:24. Wakati huo rekodi ya dunia ya mbio kama hizo ilikuwa 30:01. Fikiria furaha hiyo! Simu zikalia, Kenya nzima ikashangilia.

Halafu wapimaji wakarudi barabarani na vifaa vyao. Wakakuta njia imepungua MITA 25. Rekodi ikakataliwa.

Mita 25, wapendwa. Ni kama kutoka mlangoni mwa kanisa hadi pale tunapoegesha pikipiki. Nimepiga hesabu: kwa mwendo aliokuwa nao siku ile, mita 25 ni sekunde nne na kidogo. Hata ukimwongezea sekunde hizo, bado angekuwa ameipita ile rekodi ya zamani mbali sana. Lakini sheria haikusema tuongeze. Sheria ilisema njia haikutimia, na mbio ambazo njia yake haikutimia haziwezi kuwa rekodi.

Tena Agnes hakuwa na kosa lolote. Yeye alikimbia pale alipoonyeshwa. Waliokosea ni waliopanga njia. Lakini aliyepoteza ni yeye.

Sasa sikiliza lililofuata. Januari 14, 2024, miezi minne tu baadaye, alisimama tena kwenye mstari, safari hii Valencia, Uhispania. Alipita kilomita 5 kwa 14:13, akamaliza kilomita 10 kwa 28:46. Rekodi ya dunia iliyokuwepo ya mbio za mchanganyiko ilikuwa 29:14, ya Yalemzerf Yehualaw wa Ethiopia. Agnes akaipunguza kwa sekunde 28, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 29. Njia ilikuwa kamili. Rekodi ikasimama.

Bado hakuwa amemaliza. Mwezi wa Aprili 2025 alikwenda Herzogenaurach, Ujerumani, kwenye mbio za wanawake pekee, akakimbia 29:27. Angalia vizuri hapo. Ile ya Romania ilikuwa 29:24, na hii ya Ujerumani ni 29:27. Kwa macho ya kawaida amerudi nyuma sekunde tatu. Lakini 29:24 haipo popote kwenye kitabu cha rekodi, na 29:27 ndiyo iliyohesabiwa.

MPENDWA, POLEPOLE KWENYE NJIA KAMILI NI BORA KULIKO HARAKA KWENYE NJIA ILIYOPUNGUA.

Sasa nieleze kwa nini nimeleta habari hii kwenu.

Kuna kijana katika kanisa letu, jina lake nalihifadhi. Mchana anapakia viazi kwenye malori, na kabla ya mapambazuko anakimbia. Majuzi alikwenda kwenye mbio za kilomita 10, akamaliza nafasi ya 41. Hakupata hata shilingi. Lakini mwaka jana umbali huo ulimchukua dakika 34 na sekunde 50, na safari hii alikimbia dakika 33 na sekunde 12. Dakika moja na sekunde 38 zimetoka mwilini mwake kwa jasho lake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, swali la kwanza lilikuwa, "Umekuwa wa ngapi?" Aliposema wa 41, watu wakarudi kwenye chai yao. Baadaye nilipokwenda kuwatembelea, mzee wake aliniambia kwa heshima zote, "Pasta, huyu mtoto anaharibu viatu bure. Muda hauliwi."

Nikamwambia, "Mzee, nisaidie. Mwaka jana hiyo robo eka yako ilikupa magunia mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Na mwaka huu?"

"Kumi na saba."

"Na jirani yako wa kule juu?"

"Huyo ana shamba kubwa, alipata zaidi ya arubaini."

"Kwa hiyo wewe umeshindwa?"

Mzee akacheka. "Hapana Pasta, mimi nimeongeza matano!"

Nikamwambia, "Basi mwanao ameongeza matano."

Wapendwa, huo ndio muda bora binafsi. Mkulima anaujua bila kufundishwa. Hakuna mkulima wa Kibirichia anayelia kwa sababu Timau kuna mashamba makubwa ya ngano. Analia akiona shamba lake limepungua kuliko msimu uliopita, na anamshukuru Mungu likiongezeka. Kwa nini basi watoto wetu tunawapima kwa shamba la jirani?

Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia jambo hili, sura ya 6 mstari wa 4. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Maana yake ni kwamba kila mmoja akague alichofanya yeye, ili furaha yake isitokane na kumpita mwenzake. Na Petro alipotaka kujua habari za Yohana zitakuwaje, Bwana alimrudisha kwenye safari yake mwenyewe. Soma Yohana 21. Mambo ya Yohana hayakuwa kazi ya Petro.

Sasa najua kuna mtumishi atakayeandika hapa chini kwamba kuufanyia mwili mazoezi kuna faida kidogo tu, na atanitajia 1 Timotheo 4:8. Sawa kabisa. Lakini kidogo si sifuri. Paulo huyohuyo ndiye aliyetazama wanariadha wa Korintho akaona kitu cha kuwafundisha waumini: kwamba wanajinyima, wanautawala mwili, na wanakimbia wakijua wanakoelekea. Kama mbio zingekuwa upuuzi, asingezileta madhabahuni.

Na mimi naongeza hili. Kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia hana nguvu ya kukesha akicheza kamari kwenye simu. Hana nafasi ya kukaa kwenye kibanda akitafuna muguka mpaka jioni. Mnaosema mbio ni kupoteza wakati, niambieni ni kitu gani kingine hapa kwetu kinachowatoa vijana kitandani saa hiyo bila kulazimishwa na mtu.

Lakini sitawadanganya. Muda bora binafsi una hatari zake, na hapo ndipo zile mita 25 zinapoingia. Nina mambo matatu.

1. JIPIME KWENYE NJIA YA KWELI

Njia ya mbio zinazotambuliwa haipimwi kwa gari. Hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, na mpimaji hufuata mstari mfupi kabisa ambao mkimbiaji anaweza kupita. Kisha wanaongeza mita moja kwa kila kilomita, ili njia isije ikapungua. Kwa kilomita 10 wanaongeza mita 10. Yaani afadhali mkimbiaji akimbie zaidi kidogo kuliko apewe sifa ya umbali ambao hakuumaliza. Laiti na sisi tungepima maneno yetu hivyo!

Tena kwa rekodi ya dunia, njia hairuhusiwi kuteremka zaidi ya mita moja kwa kila kilomita. Mwezi wa Aprili 2011, Geoffrey Mutai alikimbia marathoni ya Boston kwa 2:03:02. Hakuna mwanadamu aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni kwa kasi hiyo. Alishinda, na ushindi wake hakuna anayemnyang'anya. Lakini rekodi ya dunia haikuwa, kwa sababu njia ya Boston inaanzia mahali pamoja na kuishia mbali kabisa na hapo, na mteremko wake unapita kiwango.

Watu wa Kibirichia tunaielewa hiyo. Sisi tunakaa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ukianzia hapa ukateremka kuelekea upande wa Isiolo, hata mimi mwenye tumbo hili nitakuonyesha muda wa ajabu. Lakini hizo si mbio zangu, ni mbio za mlima.

Kuna watu maisha yao ni mteremko, na wanatuonyesha saa zao. Baba aliacha ardhi, mjomba yuko ofisini, karo ililipwa yote. Si dhambi kuzaliwa kwenye mteremko, mshukuru Mungu. Ila usije ukamcheka yule anayepanda. Na wewe unayepanda, usijilaumu kwa sababu saa yako haifanani na ya aliyeteremka. Mkimbiaji akija kwenye mbio za Lewa, jirani zetu hapa, ambazo zimekuwepo tangu mwaka 2000, anakimbia kwenye vumbi, vilima na hewa nyepesi, huku askari wa wanyama wakilinda njia. Hakuna mwenye akili anayechukua muda wa Lewa kuulinganisha na muda wa Valencia, kule tambarare karibu na bahari. Linganisha Lewa na Lewa. Linganisha mwaka wako na mwaka wako.

Na magunia yawe yaleyale! Yule mzee akihesabu kumi na mawili kwa gunia la kilo 50, halafu kumi na saba kwa gunia dogo, hajaongeza kitu, amebadilisha kipimo tu. Tunajua jinsi wanunuzi wanavyotuumiza kwa magunia yanayovikwa kilemba, gunia moja likabeba viazi vya karibu magunia mawili. Tunalalamika, na tuna haki. Methali 20:10 inasema wazi kwamba Bwana anachukizwa na mtu mwenye vipimo viwili. Lakini kama tunachukia kipimo cha uongo sokoni, tukichukie na kanisani. Kuna watumishi wanaotangaza mia wameokoka na waliohesabika ni kumi na sita. Kuna shuhuda zinazoongezewa kilemba kila zinapotolewa. Mita 25 hapa, mita 25 pale. Siku moja Mpimaji atarudi barabarani.

2. KATAA SINDANO

Vijana, hapa naomba mnisikilize kama baba yenu. Mkianza kuona muda unashuka, atakuja mtu. Atakuja na maneno matamu. Atakwambia wenzako wote wanatumia, umebakiwa na kidogo tu, hii ni vitamini.

Mwaka 2020, katika Valencia hiyohiyo alikokimbia Agnes, Mkenya mwenzetu Rhonex Kipruto alikimbia kilomita 10 kwa 26:24, ikawa rekodi ya dunia ya wanaume. Mwaka 2024 jopo la nidhamu likamfungia miaka 6 kwa kosa la dawa zilizopigwa marufuku, kwa sababu ya yale yaliyoonekana kwenye kumbukumbu za damu yake. Matokeo yake yote tangu Septemba 2018 yakafutwa, pamoja na ile rekodi na medali ya shaba ya mashindano ya dunia ya Doha. Simtaji ili tumcheke. Ni mtoto wa mtu, na tumwombee. Namtaja ili uone kwamba mji ni uleule na umbali ni uleule, lakini muda mmoja ulisimama na mwingine ukafutwa kana kwamba asubuhi ile haikuwahi kuwepo.

Nimesikia hoja ya umaskini. Mtu husema, Pasta, wewe unahubiri na mimi nyumbani sina unga. Hoja hiyo siidharau. Shindano moja Ulaya linaweza kubadilisha ukoo mzima, na shetani anajua hivyo. Lakini fikiria vizuri. Muda wa sindano si muda wako. Wewe mwenyewe hutajua kamwe mwili ambao Mungu alikupa ungeweza kufika wapi. Umejiibia jibu. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mwanariadha havikwi taji asipofuata kanuni za mashindano. Ni 2 Timotheo 2:5. Hakusema atapewa taji dogo. Hapewi kabisa.

Yule kijana wetu wa nafasi ya 41 anaweza asifike Valencia kamwe. Lakini zile dakika 33 na sekunde 12 ni za kwake mbele za Mungu na wanadamu, na hakuna jopo litakalozifuta.

3. MUDA WAKE SI MALI YAKO

Hili ni la wazazi, makocha, na hasa waume. Ile rekodi ya 30:01 niliyoitaja mwanzo ilikuwa ya Agnes mwingine, Agnes Tirop. Aliikimbia Septemba 12, 2021, huko Herzogenaurach, mji uleule ambako Agnes Ngetich alikimbia 29:27 baadaye. Mwezi mmoja baada ya rekodi ile, Oktoba 13, Tirop alikutwa amekufa nyumbani kwake Iten, ana majeraha ya kisu. Alikuwa na miaka 25. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji, naye akakana mashtaka. Hukumu si yangu. Wanariadha wenzake walianzisha kundi la Tirop's Angels ili kupinga ukatili wanaofanyiwa wanawake, kwa sababu walijua huyo hakuwa peke yake anayeteseka.

Msichana wa Kenya akianza kukimbia vizuri, anazungukwa. Huyu anataka kuwa kocha, huyu meneja, huyu mume. Kila mmoja anashika saa yake na kusema hii ni yangu. Nawaambia wanaume wa kanisa langu na wa makanisa mengine: miguu hiyo si ya kwako. Ukimlea, ukimfundisha, ukimwoa, umepewa heshima ya kusimama kando ya barabara na kumpa maji. Hukupewa hati ya kummiliki.

Na nyinyi akina mama mnaobishana kama binti aliyeokoka anaweza kukimbia na kaptura, mtafute kwanza kama binti huyo yuko salama njiani alfajiri, na kama yuko salama nyumbani anakolala. Hilo ndilo litakaloulizwa kwanza. Mambo ya kaptura tutayamaliza tukiwa na binti aliye hai.

Basi maoni yangu ni haya, kwa ufupi.

Wazazi, mtoto akirudi kutoka mbioni, msianze na "Umekuwa wa ngapi?" Anzeni na "Mara ya mwisho ulikimbia muda gani, na leo je?" Kama ameongeza, chinjeni hata kuku. Nafasi ya kwanza ni ya mtu mmoja, lakini watu mia wanaweza kuongeza siku moja, na wote wakaenda nyumbani wakiimba.

Mnaoandaa mbio za vijijini, za makanisa na za kuchangisha pesa, pimeni njia. Msiite kilomita 10 kitu ambacho ni kilomita tisa na nusu. Mnawapa watoto furaha ya uongo, na wakifika kwenye njia kamili watadhani wamezeeka.

Wachungaji wenzangu, tuweke nafasi ibadani kwa ushuhuda mdogo. Yule aliyepunguza hasira kidogo. Yule aliyekunywa kila siku na sasa ana wiki tatu bila kugusa. Yule aliyeomba dakika tano na sasa anaomba kumi. Tusingoje gari na nyumba ndipo tupige makofi. Mbinguni wanajua kila mmoja alianzia wapi.

Na wewe kijana uliyekuwa wa 41, au wa 410, mwaka ujao kimbia tena. Usianze kwa kasi ya kuwaridhisha walio kando ya barabara halafu ukafia kilomita ya sita. Jua pia kwamba kupunguza kutazidi kuwa kugumu. Anayeanza hupunguza dakika, aliyekomaa hupigania sekunde. Sekunde zikianza kuwa ngumu usidhani Mungu amekuacha. Ni dalili kwamba umekua.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa miguu, mapafu na hewa nyepesi ya mlima huu. Walinde watoto wetu wanaokimbia gizani kabla jua halijachomoza, na magari, na mbwa, na wanadamu wabaya. Wafunge midomo wanaowauzia njia za mkato. Waponye waliofungiwa, uwape pa kuanzia tena. Tupe mioyo ya kufurahia ongezeko la mwenzetu bila wivu. Na siku utakapoipima njia yetu, tukutwe hatukupunguza hata mita moja. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukiwa na kijana anayekimbia, mtumie ujumbe huu kabla hujalala, na umuulize muda wake. Mungu awabariki sana.